Mlima Haukimbii

Muhula uliopita, katika kipindi cha mjadala, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba Wakenya wanakimbia kwa sababu wamezaliwa mlimani, na sisi watu wa Ziwa Mweru tumezaliwa kuvua samaki. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi ni mtoto wa Chienge, na Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota sokoni kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Pweto, upande wa Kongo. Sikupiga makofi, wala sikujibu, maana muda ulikuwa umekwisha. Insha hii ndiyo jibu langu.

Nasema hivi: maneno yale ni ya uongo, na tena ni uongo unaotufaa. Unatufaa kwa sababu unatuondolea lawama. Kama ushindi unatoka mlimani, basi sisi tusio na mlima hatuna la kufanya, na hakuna mtu wa kuulizwa kwa nini kiwanja cha shule kimeota majani. Lakini mlima haukimbii. Anayekimbia ni mtoto, na nyuma ya mtoto anayekimbia vizuri mara nyingi yupo mwalimu ambaye hakuondoka.

Tuangalie shule ambayo wenzetu huitaja bila kuijua. Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patriki iko Iten, mji mdogo wa Kenya ulio ukingoni mwa bonde la Kerio, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni shule ya Kikatoliki ya wavulana. Ilianzishwa mwaka 1961, na walioijenga ni mabruda wa shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika hapo bruda kijana aitwaye Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, hakuwa na cheti cha ukocha, na kwao Ireland hakuwa amefundisha mtu yeyote kukimbia. Aliyekuwa akishughulika na riadha pale shuleni ni Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule aliyepata shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huohuo wa 1976. Foster alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Naye akabaki. Miaka ikapita, kumi ikawa ishirini, ishirini ikapita arobaini, yeye yuko Iten.

Sasa tazama waliotoka katika madarasa yale. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akashinda Boston, nako akiwa Mwafrika wa kwanza, kisha akarudia mwaka 1991 na 1992. Peter Rono alichukua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir alichukua dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, huko Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer alihamia Denmark, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999, na mwaka 1997 akaiteremsha rekodi ya dunia hadi dakika 1 na sekunde 41.11. Shule moja, katika mji ambao ukiupita kwa basi huku umesinzia hutajua kwamba umeupita.

Mwenzangu atasema: si unaona, mita 2,400! Ndiyo, naona. Sikatai kwamba hewa ya juu inasaidia. Mtu aliyekulia mahali penye hewa nyepesi mwili wake huzoea kutumia hewa kidogo, na katika mbio ndefu hiyo ni faida. Ziwa letu liko chini ya mita 1,000, na sitajifanya kwamba tofauti hiyo haipo. Lakini mwinuko wa Iten haukuja mwaka 1976 pamoja na bruda. Ulikuwepo tangu Mungu aumbe dunia. Kama mlima peke yake ungetosha, basi Lesotho ingekuwa inatisha, maana nchi nzima, hata bonde lake la chini kabisa, iko juu ya mita 1,000. Lesotho haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki. Bolivia, ambako watu wanaishi juu kuliko Iten, nayo haijapata. Mlima ni jiko. Jiko lisilo na mpishi halijawahi kuivisha ugali.

Tena, nani alituambia kwamba riadha ni mbio ndefu tu? Samuel Matete ni Mzambia mwenzetu, kutoka Copperbelt. Mwaka 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi huko Tokyo, na mwaka 1996 akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Atlanta. Mwaka 2024 Muzala Samukonga alileta shaba ya mita 400 kutoka Paris, kwa sekunde 43.74. Mita 400 hazimwombi mtu azaliwe mlimani. Zinamwomba miguu, chakula, kiwanja na mtu wa kumwelekeza. Miguu tunayo. Nimewaona vijana wa Puta wakisukuma mtumbwi uliojaa hadi majini, nikawaona wasichana wakipanda kutoka ufukweni na beseni la samaki kichwani bila kupumzika njiani. Tatizo letu haliko kwenye miguu.

Kuna kosa jingine ambalo nalisikia mara kwa mara, hata kwa watu wanaojua riadha. Wanapohesabu wahitimu wa Mtakatifu Patriki wanamtia na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Rudisha hakusoma hapo. Alisoma Kimuron, shule nyingine ya Iten. Aliyemfundisha kukimbia, ndiyo, ni Bruda Colm. Na kosa hili linanipa hoja yangu bure. Kama sifa ingekuwa ya jengo au ya jina la mtakatifu, Rudisha asingekuwa bingwa, maana hakuvaa sare ya shule ile. Vivyo hivyo Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, na Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Hawa ni wanawake, wasingeweza kusoma katika shule ya wavulana, lakini walipita mikononi mwa mwalimu yuleyule. Yeye alifungua kambi za mazoezi wakati wa likizo, akawaita wasichana pia. Lango la shule lina mwisho. Kazi ya mwalimu aliyekaa huvuka ukuta.

Na alifanya nini hasa? Hakuna uchawi. Anajulikana kwa kuwazuia vijana wasichoshwe mapema, kwa mazoezi mepesi ya kuweka mwili sawa, na kwa kuwasikiliza. Alijifunza ukocha kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, mwaka baada ya mwaka. Pia hakutenganisha miguu na daftari. Hussein alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha New Mexico, Rono akaenda Mount St. Mary's huko Maryland, na mbio zao ndizo zilizowafungulia milango hiyo. Mwalimu wa mwaka mmoja hawezi kuyafanya haya, hata awe na akili kama ya Suleimani. Hajui mtoto huyu alikuwaje mwaka juzi, na hatakuwepo kuona atakuwaje mwaka kesho.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Shule niliyosoma sitaitaja. Nilipokuwa gredi ya 10 alikuja mwalimu wa hisabati aliyependa kukimbia. Alfajiri alitutoa kitandani tukakimbia kando ya ziwa, kwenye mchanga mahali wanapoegesha mitumbwi, yeye mbele na simu yake ya kupimia muda mkononi. Tulianza watu wanane, tukafika thelathini. Miongoni mwetu alikuwepo msichana mmoja wa kijijini kwetu ambaye alitushinda wavulana wote isipokuwa wawili, na mmoja kati ya hao wawili sikuwa mimi. Mwalimu alimwandikia muda wake kwenye daftari kila Jumamosi. Alimwambia, "Dada, wewe usiache shule, miguu hii itakulipia ada."

Mwalimu alikaa mwaka mmoja na muhula mmoja, kisha akahamishwa. Aliyekuja baada yake alisema michezo ni mpira wa miguu, na mpira wa miguu ni wa wavulana. Daftari la muda sijui liliishia wapi. Yule msichana alikimbia peke yake wiki mbili tatu, halafu watu wakaanza kumcheka, akaacha. Desemba ilipofika, uvuvi ukafungwa kama kila mwaka mpaka mwisho wa Februari, fedha ikakauka nyumbani kwao, na shule nayo akaiacha. Leo anauza chisense, wale dagaa wa ziwa letu, pale sokoni. Ni kazi ya heshima, na mama yangu ametusomesha kwa kazi hiyohiyo. Lakini msinikalishe darasani mkaniambia kwamba dada huyu hakukimbia mbali kwa sababu hakuzaliwa mlimani. Aliachwa katikati ya safari na watu wazima.

Najua yupo mhadhiri atakayeniuliza: je, kijana, unataka tukae tukingoje Mwairishi mwingine? Tumesoma miaka yote hii ili tumsifu mmisionari? Swali ni halali, na jibu langu ni hapana. Simsifu kwa sababu alitoka Ireland. Peter Foster naye alitoka mbali, akaondoka. Namsifu kwa sababu alikaa. Na kukaa hakuhitaji pasipoti ya Ulaya. Patrick Sang, Mkenya aliyekuwa wa pili nyuma ya Birir kule Barcelona, alirudi nyumbani, akamchukua kijana wa jirani aitwaye Eliud Kipchoge, akakaa naye zaidi ya miaka ishirini. Dunia nzima inajua kilichotokea. Siamini kwamba Luapula haina mtu wa namna hiyo. Naamini tunaye, na kila anapoanza kuota mizizi tunamng'oa tukampande kwingine.

Wengine watasema shule ikishapata jina, vipaji huifuata vyenyewe, kwa hiyo mwalimu anasifiwa kwa kazi ya watoto waliokuja tayari wanajua. Sawa, lakini jina lilitoka wapi? Hakuna mzazi aliyepeleka mtoto Iten mwaka 1976 kwa sababu ya Bruda Colm, maana hakuwa amefanya lolote bado. Jina huja baada ya miaka ya kazi isiyo na jina. Sisi tunataka tuanze na jina.

Basi madai yangu ni machache, na hayahitaji mlima. Mwalimu anayeanzisha kitu kinachoonekana, kiwe riadha, kwaya au klabu ya Kiswahili, aachwe walau mpaka wale aliowaanza nao wamalize gredi ya 12. Akilazimika kuhama, daftari lake likabidhiwe kwa mtu, lisipotee. Wasichana wapewe kiwanja na saa yao ya mazoezi kwa haki, wasisubiri wavulana wachoke. Na kwenye ubao wa sifa ulioko ofisini kwa mkuu wa shule, ambako tunaandika wahitimu waliokuwa madaktari na wabunge, iongezwe safu moja ya walimu na miaka waliyokaa. Safu hiyo itatuambia ukweli kuhusu shule zetu haraka kuliko matokeo ya mtihani.

Kuhusu sisi tunaosoma Kiswahili hapa, wengi wetu tutakuwa walimu. Siku moja tutapangiwa shule yenye vumbi, mbali na mji, bila umeme wa kutegemewa, na wiki ya kwanza tutaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Mimi pia naweza kuiandika, sijifanyi mtakatifu. Lakini kabla ya kuitia barua hiyo kwenye bahasha, nitajiuliza ni mtoto gani nimemwambia miguu yake itamlipia ada, na nani atashika daftari nikiondoka.

Yule mwenzetu wa mjadala ni rafiki yangu, na nampa nafasi ya kunijibu. Ninamwomba kitu kimoja tu: atakapojibu, aache kuzungumzia mlima. Azungumzie walimu.