Mlango Uliofungwa kwa Nje

Katika shule zetu za sekondari kuna mwalimu wa nidhamu na kuna mwalimu wa ushauri na unasihi. Wa kwanza ana fimbo, ana kamati, na kivuli chake tu kikionekana darasani, kelele hukoma. Wa pili ana barua ya uteuzi. Vipindi vyake havikupunguzwa hata kimoja, chumba hana, na mtoto mwenye jambo zito moyoni hana budi kumweleza mbele ya walimu wengine wanaosahihisha madaftari huku masikio yako wazi. Kisha tunakaa vikaoni na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasemi.

Siandiki haya kama mtu aliyetazama kutoka nje ya ua. Nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na fimbo niliishika. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kusema.

Mwaka 1987 nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mpole, ambaye kila ripoti yake tuliiandika "tabia njema". Baada ya likizo alichelewa kurudi shule kwa siku sita. Nilimwita ofisini nikamwuliza sababu. Aliinamisha kichwa, hakujibu. Nikadhani ni kiburi. Nikamchapa, kisha nikajaza daftari la adhabu kama kanuni za mwaka 1979 zilivyotaka: jina, kosa, idadi ya viboko, sahihi. Daftari lile halikuwa na nafasi ya kuandika mtoto amepatwa na nini.

Usiku wa tatu mlinzi wetu, mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani, alimkuta kijana yule peke yake kando ya kisima. Hakupiga filimbi wala hakumkamata. Alimvisha koti lake, akaketi naye chini, akamwuliza habari za nyumbani. Walikaa hapo hadi alfajiri. Ndipo akaja kunigongea mlango. "Mwalimu," alisema, "huyu kijana amemzika mama yake juzi juzi. Nimemkuta kisimani. Nakuomba usimchape tena."

Kijana yule yu hai, na leo ni baba wa watoto. Sifa hiyo si yangu. Ni ya mzee ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wote pale shuleni, na ambaye alikuwa na vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo: muda wa kusikiliza na mikono isiyo na fimbo.

Tangu siku ile sijaamini tena kwamba shule iliyo kimya ni shule yenye nidhamu. Kimya cha mtoto huweza kuwa adabu, na huweza kuwa mlango uliofungwa kwa nje. Na tabia hii ya kufunga haiishii kwenye midomo. Tazama mabweni yetu. Nondo madirishani, kufuli mlangoni, ufunguo kwa matroni. Tumejenga kwa nia ya kumzuia mtoto asitoke, tukasahau kwamba iko siku atalazimika kutoka mbio.

Siku hizo zimefika. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Kule Idodi kilichotajwa ni mshumaa. Kule Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos, na walioshitakiwa kwa kuliwasha moto walikuwa wanafunzi wenzao. Kulikuwa na manung'uniko juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Hasira ile ilikosa mahali pa kusemwa, na mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa. Mambo hayo mawili tusiyatenganishe.

Wenzetu wa Kenya walitoa mwongozo mwaka 2008: milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwamo ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Ni maneno mazuri. Lakini Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya msingi ya bweni walikufa kwa moto huko Nyeri. Karatasi peke yake haimwokoi mtoto. Hata sisi tunazo karatasi zetu. Tangu mwaka 2002 kanuni zetu zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Wakuu wenzangu, ni wangapi kati yenu wanaifuata?

Najua nitajibiwa, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Hoja hii hutolewa na waliobaki. Wale walioacha shule, waliotoroka, waliozikwa kwa minong'ono, hawapo mezani petu kutoa ushahidi wao. Wengine watasema nondo zinazuia wezi. Basi zungushieni shule ukuta na ajirini walinzi wa kutosha, lakini msimlinde mtoto na mwizi kwa kumfungia pamoja na moto. Wengine watasema watoto wamedekezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la watoto 45 hao ni sita hivi. Mwalimu, je, unaweza kuwataja sita wa darasa lako?

Watasema pia kwamba fedha hakuna. Hebu tuone ninachokidai kina gharama gani. Mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango, na asiwe mjumbe wa kamati ya nidhamu, maana mtoto hawezi kuungama kwa askari. Siri aliyopewa isisomwe ofisini, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini, na hapo ahusishwe yule tu anayeweza kusaidia. Mtoto anayerudi kutoka likizo aulizwe kwanza "Nyumbani wazima?" kabla ya kuulizwa ada. Kufuli la nje liondolewe usiku wa leo, si bajeti ijayo. Nondo zikatwe. Watoto wafundishwe kutoka bwenini gizani.

Liko jingine dogo. Ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, nayo hupigwa bure. Namba hiyo tumeibandika ukutani katika shule ambazo mwanafunzi akikutwa na simu hufukuzwa. Atapiga kwa nini, kwa kidole? Iwekwe simu moja mahali penye faragha, na anayeitaka asiulizwe anakwenda kusema nini.

Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia katika chuo cha ualimu. Wanachuo wangu waliweza kuandika maana ya unasihi kwa ufasaha, na alama walipata. Walipokwenda mazoezi ya kufundisha, wengi walirudi wakiniambia kwamba kitu cha kwanza walichokabidhiwa na mwenyeji wao kilikuwa fimbo. Hivyo ndivyo tunavyorithishana. Mimi nilikabidhiwa, nami nikakabidhi.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na tumeitumia methali hiyo kuhalalisha mengi. Lakini anayekunja hutazama kwanza mkononi ana nini. Mimi sikutazama. Daftari langu la adhabu la mwaka 1987 huenda bado liko katika stoo fulani, likiliwa na mchwa, na jina la kijana yule limo, na sahihi yangu imo. Kama ningeweza kulipata, ningeongeza mstari mmoja tu mbele ya jina lake: amefiwa na mama, mkuu wa shule hakuuliza.