Mji Hauonwi kwa Pupa

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu, na hata majumbani mwetu, kumsifu msafiri kwa wingi wa mahali alipopita. Arudipo Mkomaindo mtu aliyekwenda Dar es Salaam, huulizwa kafika wapi na wapi; naye hutaja Kariakoo, Posta, Kigamboni, Mbagala na Mwenge kwa pumzi moja, na akisha kuzitaja husemwa kuwa mji ameuona. Insha hii yaipinga sifa hiyo. Nadai kuwa mtu huyo hakuuona mji. Ameupita tu, kama uzi upitavyo tundu la sindano usijue nguo ishonwayo. Nadai tena kuwa njia bora ya kuujua mji mkubwa ni kuuendea peke yako, kwa miguu, pole pole, na kula humo pamoja na wenyeji wake. Na ya kuwa kuidharau njia hiyo kwatupotezea sisi watu wa Kusini jambo kubwa kuliko tudhanivyo.

Zitazameni safari ziitwazo za masomo. Wanafunzi hujazwa ndani ya basi, hupewa orodha ya mahali sita pa kuonwa kwa siku moja, na chakula chao hutiwa katika vifuko ili wasipoteze wakati wa kuketi. Mbele ya kila jengo hupiga picha, mwalimu hutazama saa, basi hunguruma, safari huendelea. Baada ya juma moja insha huletwa mezani. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi, nazo husema mamoja: magari ni mengi, majumba ni marefu, watu hawajuani, wezi wamezidi. Maneno hayo yangaliweza kuandikwa na mtu asiyepata kulivuka Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Msafiri alikwenda na maneno hayo toka kwao, akayatembeza mjini, akarudi nayo yakiwa mazima.

Tuchukue mfano mmoja. Katikati ya mji, katika njia ya Samora, imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliochukua mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Apitaye kwa basi huona mtu wa shaba mwenye bunduki, basi. Lakini asimamaye hapo nusu saa ataona kuwa singe ya bunduki yaelekea bandarini, na ataanza kujiuliza maswali. Akienda kwa miguu mpaka Kariakoo atajua, akiuliza, kuwa jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Na akizidi kuuliza wapagazi hao walikwenda wapi, jibu litamrudisha kwao: vita vile vilishuka mpaka Masasi na Newala, na mwezi wa Novemba mwaka 1917 jeshi la Wajerumani likauvuka mto Ruvuma chini ya uwanda wa Makonde. Basi jina la soko analolitaja kila mchuuzi wetu limefungamana na njia za nyumbani kwetu. Orodha ya mahali sita haimwambii mtu jambo hili, kwa kuwa mambo mawili hayafungamani katika akili ya mtu asiyepewa nafasi ya kutoka la kwanza mpaka la pili kwa miguu yake mwenyewe.

Yaliyo kweli katika kuona ni kweli zaidi katika kula. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 hakuandika habari za misikiti na sultani peke yake. Alieleza wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na embe. Karibu miaka mia saba imepita, nasi twajua sinia ile ilikuwa na nini, kwa sababu msafiri aliketi akala akaangalia. Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, alisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na habari zake zikapigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Hao ndio wazee wa fani hii katika pwani na lugha yetu. Je, sisi tuliosoma zaidi yao tutaacha nini? Picha elfu zisizo na neno?

Dar es Salaam haimnyimi mtu pa kuketi. Pale Feri iko supu ya pweza na samaki wa kukaanga waliotoka majini asubuhi ile. Jioni, penye mabaraza, muuza kahawa huja na birika lake, na kashata, na vikombe vidogo visivyoweza kunywewa kwa haraka kwa kuwa kahawa ni ya moto na mazungumzo ni marefu. Mama lishe anayekupa ugali na dagaa siku ya kwanza hakujui. Siku ya pili atakuuliza utokako. Siku ya tatu atakueleza habari za mtaa mzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hilo twalitumia kumfukuza mgeni mvivu, lakini lina maana nyingine: siku ya tatu ndiyo siku ya kuingizwa katika kazi na siri za nyumba. Basi siku tatu katika mtaa mmoja zina faida kuliko mitaa mitatu katika siku moja.

Wako watakaosema kwamba kula peke yako ni uchoyo, na kutembea peke yako ni ukiwa. Hawa hawajatazama vema. Waendao kundi zima huuchukua mtaa wao pamoja nao. Huketi meza moja, huongea wao kwa wao, huchekea wenyeji kwa Kimakua au Kimakonde, kisha huondoka. Aliye peke yake hana budi kumsalimu aliye karibu naye. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema mabaharia. Kwa mwanamke jambo hili ni zito zaidi, kwani aketiye peke yake mkahawani hutazamwa kama aliyepotea au mwenye nia mbaya. Hatari za mji ni za kweli, na busara ya kuchagua saa na mahali yatakiwa kwa kila mtu. Lakini kosa la macho yale ni la wenye macho, wala si haki kumfungia yeye mji kwa ajili yake.

Wengine watasema: hiyo ni anasa ya wenye nafasi, mtu wa Masasi huenda Dar es Salaam kwa ugonjwa, kwa biashara au kwa shauri la serikali. Hoja hii ina nguvu, wala simwambii anayeuguza mtu Muhimbili aache kitanda cha mgonjwa akatazame sanamu. Walakini pole pole si ghali. Miguu haina nauli, na sahani ya mama lishe ni rahisi kuliko chakula cha hoteli ipendekezwayo na wenye mabasi. Kilicho ghali ni mbio. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, ni neema kwa awahiye kazini. Bali mwendo wa kuwahi kazi haufai kuwa mwendo wa kujifunza. Tena tukumbuke kuwa Masasi yetu ya leo ni tunda la kusimama njiani. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kwa miguu kutoka Lindi watu waliokombolewa utumwani, waliokusudia kuendelea bara. Walipofika chini ya milima yetu waliitazama nchi, wakaipenda, wakakaa.

Sasa nisemeje hasara yenyewe? Katika njia za Dar es Salaam korosho zilizokaangwa huuzwa kwa vifuko vidogo madirishani mwa magari. Ni korosho za nchi kama yetu. Pale Mwenge vinyago vya Kimakonde hupangwa mbele ya wageni, na wachongaji wake wangapi wana asili ya pande mbili za Ruvuma! Jasho la Kusini lipo mjini kila siku, linaliwa na kununuliwa. Lakini mtoto wa Kusini apitapo hapo mbio, hujiona mshamba aliyeingia nyumba ya watu. Angaliketi na mchongaji mmoja asubuhi moja, na muuza korosho mmoja jioni moja, angalijua kuwa ameingia nyumba ambayo baba zake walibeba mawe yake. Asiyejua hivyo hataudai mji kuwa wake, wala hatauandika. Atawaachia wageni wenye subira kuuandika kwa niaba yake, kisha alalamike kuwa wamekosea.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wazichane orodha zao. Mpeni mwanafunzi mtaa mmoja, siku tatu, na nauli ya kurudi. Mwacheni aende peke yake kwa saa alizochagua, ale kwa mama lishe, kisha aandike kurasa mbili juu ya sahani moja na mtu aliyeipakua. Mkiziona kurasa hizo ni dhaifu kuliko insha za mabasi, nitanyamaza.