Bibi Arusi na Chafya za Ngara



Ukipiga chafya unasema Alhamdulillah, nasi tunakujibu Yarhamukillah. Mara tatu. Ikizidi hapo, Mtume wetu (SAW) ametufundisha kuwa huyo ana mafua. Sasa binti yetu mmoja aliyeolewa Ngara, huko Kagera, anapiga kumi kwa mkupuo tangu mvua ziliposhika. Wifi anasema ni hasadi ya arusi, jirani analaumu asumini iliyo dirishani, na mume keshanoa panga akate misonobari ya nyuma ya nyumba. Kapimwa ngozi, mkono ukavimba kwa chavua za majani na za miti pia. Akanipigia simu analia: kwa hiyo kila kitu kinanidhuru?

Mimi nasema panga liwekwe chini. Ngara ni vilima vya majani, na ukoo wa majani ni mkubwa: ukoka, mtama, muwa, mahindi na mbelewele zake. Yakichanua, upepo huchukua chavua yake, unga mwepesi usiouona. Mwili uliochukizwa na jani moja huwachukia na ndugu zake, maana protini zao zafanana. Halafu ipo protini iitwayo profilini, imo karibu katika kila chavua, ya jani na ya mti. Mwili ukishaichukia kwenye jani, huitambua hata kwenye mti ambao haujawahi kukupigisha chafya. Kipimo kinasema ndiyo, pua haina habari. Profilini imo hata kwenye matunda, ndiyo maana wengine midomo huwawasha wakila tikiti au ndizi. Wewe hayakuwashi? Kula, usinyimwe na karatasi.

Msonobari unasingiziwa kwa sababu vumbi lake la njano linaonekana, na kumbe ni nadra kuleta aleji. Asumini nayo chavua yake hungoja wadudu. Kikuba chako usikitupe, ila harufu kali huichokoza pua iliyokwisha kuumia.

Kinachonitia hofu ni kifua. Aliniambia usiku kinabana na kulia kama filimbi, na alikuwa anaficha, asije akaambiwa wameoa mgonjwa. Hilo silikubali hata kidogo. Aleji ya majani na pumu huenda pamoja, na pumu inaua. Kisomo asomewe, ni kheri, lakini dawa ni sunna vilevile, na mume ana haki ya kujua anaishi na nini. Daktari naye aulizwe: chafya huja wakati gani, majani yakichanua au mwaka mzima? Hilo ndilo litakalomwonyesha chavua ipi ina kosa.

Kwa sasa buibui na mashuka ayaanike ndani, na akitia udhu apandishe maji puani vizuri, ila akiwa amefunga asizidishe. Kesho wanakwenda hospitali wote wawili, kwa ajili ya kifua.