Kutuma "Na ya Kutolea" Sio Kumuuguza Mama

Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, kila mwaka, mtandao unajaa mama za watu. Safari hii jamaa mmoja wa Dar, kijana wa Korogwe ambaye kitaani kwao anahesabika kuwa ametoboa, naye hakubaki nyuma. Aliposti picha ya bi mkubwa wake kavaa kitenge cha njano, anacheka. Chini yake maneno marefu: malkia, nguzo, bila wewe mimi si kitu, nitakutunza mpaka mwisho. Makopakopa kama yote. Watu wanamwaga machozi kwenye komenti: "Barikiwa kaka, watoto kama wewe mmebaki wachache."

Picha ile ina miaka mitano. Bi mkubwa sasa hivi hawezi hata kukaa mwenyewe, upande wa kulia wote umepooza. Na siku ile posti inatembea, aliyekuwa anamgeuza kitandani kule Korogwe ni binti yake wa mwisho, ambaye hakuposti kitu. Bando lilikuwa limeisha.

Majina yakae pembeni, kwa sababu familia hii ipo Korogwe, ipo Makambako, ipo Babati, ipo Kahama. Kila mji mdogo wenye stendi, na watoto waliopanda mabasi wasirudi, una nyumba ya namna hii. Na kila nyumba ya namna hii ina mtu mmoja aliyebaki.

Huyu wa Korogwe hakupanga kubaki. Alikuwa Mbagala anasuka kwenye saluni ya watu, ana kiti chake, ana wateja wake, anacheza mchezo na wenzake kila wiki. Mama alipoanguka, kikao cha familia kikafanyika kwa simu, dakika ishirini kikaisha. Kaka mkubwa ana ajira. Dada anayemfuata ana mume na watoto. Kaka wa tatu yuko kwenye mishe zake. Akabaki kitindamimba, hana mume, na kwa akili za kikao kile asiye na mume hana maisha ya kukatisha. Akaambiwa aende wiki mbili tu, "mambo yakae sawa." Huu mwaka wa nne. Kile kiti cha saluni kina mtu mwingine.

Sasa wale wa "barikiwa kaka" waelezwe kazi yenyewe. Mtu aliyepooza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda mgongoni na makalioni, na vidonda hivyo vinaweza kuua. Kuna kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kichwa kimeinuliwa, asipaliwe. Kuna dawa ya presha isiyotakiwa kurukwa hata siku moja. Kuna kumnyoosha mkono na mguu visikakamae. Kuna kubadilisha pampasi, kufua mashuka, na bomba likikata, kutafuta maji kwanza ndipo ufue. Siku ya kliniki kuna kuita bajaji na kumbeba mtu mzima mikononi.

Mtu baki akiifanya kazi hiyo kwa kuajiriwa, ana haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, mfanyakazi apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na apate likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Hata dada wa kazi anastahili hayo. Mtoto wa kike aliyebaki nyumbani hana wiki, hana mwezi, hana likizo. Yeye anaambiwa anapata thawabu.

Na kaka je? Kaka anatuma. Elfu hamsini, na ya kutolea. Ikishaenda, anapiga skrinshoti anairusha kwenye grupu la familia watu wote waone, na dada yake anajibu kwa vidole vya kusali. Baada ya siku tisa kitindamimba akisema hela imeisha, kaka anageuka mkaguzi: "Imeishaje? Wiki iliyopita si nilituma? Pampasi zinaenda ngapi kwa siku?" Mtu anaorodheshewa sabuni, nyanya na nauli ya bajaji kama mtuhumiwa. Hajawahi kuulizwa hata siku moja amelala saa ngapi.

Haki itendeke: hela ina kazi yake. Dawa haziji kwa maombi peke yake, na maisha ya Dar hayana huruma. Kodi ya nyumba ipo, ada ipo, nauli ipo. Mtoto anayetuma anajinyima, na wapo wengi wasiotuma hata mia. Hakuna anayesema kaka aache kazi arudi Korogwe, maana wote wakirudi watakufa njaa pamoja. Tatizo linaanza pale mwenye kutuma anapojihesabu yeye ndiye anayeuguza, na anayeuguza anahesabiwa kuwa anakula hela za mgonjwa.

Mwaka jana lilitokea la kutokea. Rafiki wa kitindamimba alikuwa na sendi-ofu Tanga mjini. Binti akamwomba jirani, mama mtu mzima anayemjua mgonjwa vizuri, alale pale usiku mmoja. Akaacha uji kwenye chupa, dawa kwenye kisahani, namba ya simu ukutani. Akapanda basi, akacheza muziki, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka. Asubuhi kufungua simu, grupu linawaka moto. Kuna mtu alimwona kwenye statasi ya mwenzake. Kaka kaandika, "Umemtelekeza mama uende kwenye ngoma." Dada kaongeza, "Mdogo wangu, umetuvunja moyo." Hata shangazi, ambaye toka mgonjwa aanguke amefika mara moja, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Usiku mmoja ndani ya miaka minne. Huyo ndiye mtelekezaji. Waliokosekana usiku zaidi ya elfu moja wao wanaitwa "watoto walioko mjini."

Kinachouma zaidi kinatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Wageni wakija kumjulia hali, bi mkubwa kwa maneno yake mazito ya ulimi uliopinda anawaambia, "Mwanangu wa Dar ndiye ananitunza." Mwanangu wa Dar! Binti yuko nyuma ya pazia anakoroga uji, anasikia kila neno. Mama hasemi kwa ubaya. Kakulia mahali ambapo hela ya mtoto wa kiume ni habari ya kutangaza kwa majirani, na mikono ya mtoto wa kike ni kama maji ya mtungi, yanaonekana siku yakikosekana. Ila na yeye anakosea, na ugonjwa haufanyi kosa liwe haki.

Halafu ikaja Krismasi. Kaka akashuka na gari la kuazima, kreti mbili za soda, na mwanaume mmoja aliyetambulishwa kama "rafiki." Rafiki akazunguka nyumba akipima kwa hatua, akauliza kiwanja kinaishia wapi. Korogwe mji mdogo, mpaka jioni kila mtu anajua kwamba rafiki ni dalali. Nyumba ni ya marehemu baba, mirathi haijawahi kufunguliwa, mama yuko hai kitandani, na tayari kuna mtu anahesabu hatua uani.

Hapo ndipo habari ya nani anauguza inapoacha kuwa maneno ya grupu. Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wadogo zake wa kiume la pili, mabinti la tatu. Wajomba na baba wadogo wengi wanaokalia vikao vya mirathi bado wanaongea kwa lugha hiyo. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango wake kwenye mali ya ndoa. Mke akapata pa kusimamia. Binti aliyemaliza ujana wake akigeuza mgonjwa, kikao cha ukoo kitampa nini? Kitampa kanga na "ahsante mwanetu," kisha ataulizwa atahama lini.

Kwa hiyo wenye mapenzi na mama waache kapsheni, kuna mambo ya kufanya. Aliyeajiriwa na anakatwa bima ya NHIF amwandikishe mzazi kama mtegemezi wake, maana nafasi hiyo ipo na wengi wanaiacha. Anayeuguza apewe hela yake ya mwezi, mbali kabisa na ya mgonjwa, isiyoulizwa risiti. Kila mtoto atoe wiki moja kwa mwaka aje alale chumba cha mama, aamke saa nane usiku kugeuza. Atakayesema hana likizo akumbuke zile siku 28. Na mirathi ya baba ifunguliwe sasa, wakati mama bado anaweza kusema anachotaka, yaandikwe na mashahidi waweke sahihi. Dalali asubiri nje.

Na mashabiki wa makopakopa wajue wanachokipigia makofi. Kila "barikiwa kaka" inayoangukia kwenye picha ya zamani inampa mtu ruhusa ya kukaa mwaka mwingine bila kufika.

Kwenu nani alibaki na mzazi? Mpigie leo. Muulize amelala saa ngapi, na mwambie ni wiki gani unakuja kumpokea zamu. Hela ya juzi imeishaje, usiulize.