NENO "KINGEREZA" LINABEBA MIZIGO MINGI

Ndugu wafanya kazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa mji,

Neno moja laweza kukaa katika nyumba mbili. Sisi watu wa Kenya twajua hivyo: tukisema "tunatoka Kenya", mgeni wa Mombasa anadhani tumevuka ziwa, kumbe tumetoka sokoni tu, hapa Lubumbashi. Si vibaya, ikiwa kila mtu anajua ni nyumba gani inayosemwa. Ubaya unaanza pale neno moja linapofunika mambo mengi. Neno la namna hiyo ni "Kingereza".

Tulipime. Kwanza, Kingereza ni lugha.

Pili, Mwingereza ni mtu wa nchi. Lakini nchi gani? Sisi twaita Uingereza kisiwa kizima, na kule mtu wa Scotland au Wales hapendi kuitwa hivyo. Robert Williams, ambaye kampuni yake iliandika watu wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kwa kazi ya shaba ya Katanga, alizaliwa Aberdeen, Scotland.

Tatu, Kingereza kilikuwa fedha. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na fedha za Kingereza zikaja nayo. Tanganyika Concessions ya London ilikuwa na sehemu yake katika Union Minière tangu ilipoanzishwa mwaka 1906. Bendera ilikuwa ya Mbelgiji, lakini faida ilijua njia ya London.

Nne, Kingereza kilikuwa hofu. Wakubwa wa Kibelgiji waliogopa nguvu ya Waingereza wa kusini, na hiyo ni sababu moja iliyofanya wakitie nguvu Kiswahili katika kazi.

Tano, kilikuwa dharau. Mbelgiji alisema Kifaransa asubuhi hata jioni, lakini alipomwita baba wa watoto sita aje kufua nguo, alitumia neno la Kingereza: "boy". Woga wote wa Kingereza ulimwisha hapo!

Leo maana ya sita imeongezwa, nayo inatuumiza kupita zote: Kingereza ni akili. Fundi anayejua ugonjwa wa mashine kwa kusikia sauti yake anaambiwa hawezi kuwa kapita, kwa kuwa "hajui Kingereza". Kijana mwenye maneno mia mbili anapanda juu yake. Karatasi ya kazi inaletwa kwa lugha ya kigeni, mtu anaonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi. Sisi makarani tunaziona karatasi hizo. Saa za kazi zimo, na makato ya mshahara yamo, naye mwenye kutia sahihi hayajui.

Wengine watasema: basi tukitupe Kingereza. Hapana! Waamerika walimfukuza mfalme wa Uingereza, wakabaki na lugha yake. Ndugu zetu ng'ambo ya Kasumbalesa wanaendesha serikali kwa Kingereza tangu uhuru wao wa 1964, na hakuna anayewaita Waingereza. Nchi yetu nayo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambako Kingereza ni lugha ya ofisi. Watoto wetu wajifunze. Lugha ni nyundo: anayeishika ndiye anayejenga. Lakini nyundo si fundi.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Basi kila karatasi ya kazi isomwe kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi, kabla ya sahihi. Na kazi inayodai Kingereza, mkubwa aonyeshe ni kwa sababu gani inakidai.

Ndugu, atakayekuambia "hujui Kingereza", usiinamishe kichwa. Mwulize: Kingereza kipi? Kama ni lugha, atufundishe. Kama ni akili, aje chini ya mgodi tupimane.

Uhuru wa 30 Juni 1960 haukuletwa ili tutie sahihi gizani.