Mbali na Nani?

Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilinipa kazi ya kutafsiri kipeperushi. Walikuwa wanaandaa safari ya siku saba kwa meli ndogo, abiria wasiozidi ishirini, kutoka Kigoma hadi visiwa vya Kipili na kurudi. Walitaka kipeperushi cha Kiswahili kwa sababu walikuwa wanawawinda watalii wa ndani: watu wenye shahada, mshahara na simu nzuri ya kupiga picha. Yaani wewe na mimi.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikagundua kwamba kuna neno moja linalojirudia karibu kila aya. Visiwa vya mbali vyenye mnandi na furukombe. Fukwe za mbali. Ujiji, mji wa kale wa mbali. Vijiji vya mbali ambako watu bado wanaishi kama zamani. Nikaacha kuandika. Mbali na nani?

Shangazi yangu anaishi katika kijiji kimojawapo cha hivyo, kusini mwa milima ya Mahale. Yeye hayuko mbali, yuko kwake. Kwake yeye, kilicho mbali ni hospitali.

Utaniambia hilo ni neno tu la biashara. Sikubali. Mahali pakishaitwa mbali, kukosa barabara kunageuka kuwa uzuri wake, giza linageuka kuwa utulivu, na wenyeji wanageuka kuwa mandhari. Hakuna anayedai barabara ipelekwe kwenye mandhari.

Chukua Ujiji. Kila mtoto aliyesoma Tanzania anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, chini ya mwembe. Tunafundishwa kwamba Livingstone alikuwa amepotea. Amepotea wapi? Alikuwa Ujiji! Alikuwa katika mji wa soko ambao wafanyabiashara wa pwani, Wanyamwezi, Wamanyema na Wajiji walikuwa wakikutana, mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliifuata njia hiyohiyo, wakiongozwa na kubebewa mizigo na watu walioijua. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha pia binadamu waliofungwa minyororo, na hao hawakuwa wanatalii. Mtu aliyemlaki Stanley akiwa wa kwanza kutoka nyumba ya Livingstone alikuwa Mwafrika, Susi. Susi alikuwa anajua vizuri kabisa bwana wake alipo. Livingstone alikuwa amepotea kwa watu wa London, basi. Karne na nusu baadaye bado tunaisimulia habari hiyo tukiwa tumesimama London.

Au chukua Mahale, ambayo kipeperushi kiliiita msitu ambao haujaguswa. Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Kabla ya hapo, milima ile ilikuwa na vijiji na mashamba ya Watongwe, na Watongwe waliondolewa. Waliacha miti yao ya maembe, mapera na malimau, na watafiti waliokuwa wakiwafuatilia sokwe wameandika jinsi wanyama hao walivyojifunza kula matunda hayo baada ya wenyewe kuondoka. Kwa hiyo mtalii anayempiga picha sokwe akila limau anapiga picha ya shamba la mtu. Sisemi hifadhi ifutwe. Sokwe wanastahili kulindwa, na ninafurahi kwamba wapo. Ninachosema ni kwamba tusiuite msitu huo haujaguswa ilhali umepandwa.

Kisha kuna Liemba, ambayo kipeperushi kiliipa ukurasa mzima. Naielewa hamu hiyo. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya. Ni hadithi tamu. Lakini hadithi ya Liemba ninayoijua mimi haimo katika ukurasa ule.

Liemba niliyoijua iling'oa nanga Kigoma Jumatano jioni kwenda Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi havina gati, kwa hiyo ilisimama majini na kupiga honi, hata iwe saa nane za usiku. Mitumbwi ikaifuata mbio. Mama mwenye mtoto mgongoni akavutwa mkono hadi ndani, nyuma yake magunia ya dagaa, madumu ya mawese, kuku, godoro la bibi harusi. Mwaka 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji, huku kipindupindu kikiua, Liemba ndiyo iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Huo ndio urithi wake. Umri wa vyuma vyake unakuja baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimama kungoja matengenezo makubwa, na miaka ikapita. Katika miaka hiyo shangazi alianguka akavunjika nyonga. Walimlaza juu ya magunia katika boti ya mizigo iliyokuwa inapeleka dagaa Kigoma. Walisafiri usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, mawimbi yakimrusha, binamu yangu akiwa amemshikilia kwa mikono miwili. Asubuhi boti ya watalii yenye kasi iliwapita. Abiria wake waliwapungia mikono. Binamu yangu naye akapunga. Siwalaumu wale wageni, hawakujua. Lakini ziwa ni lilelile na siku ni ileile, na aliyekuwa na haraka zaidi ndiye aliyekwenda polepole.

Najua jibu lililopo: utalii unaleta fedha, na fedha italeta hayo mengine. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo. Basi nipe meli ambayo mtalii na mgonjwa wanapanda wote. Usiniambie haiwezekani, maana Liemba iliifanya kazi hiyo kwa miongo. Mzungu alilala daraja la kwanza, shangazi alilala sitahani juu ya mahindi yake, na wote walifika. Nauli ya yule wa kwanza ilisaidia chombo kuendelea kwenda. Haikumfukuza wa pili.

Kwa hiyo kabla hujalipia safari ya visiwa, uliza swali moja: wenyeji wa vituo vyake wanaweza kupanda? Kama hawawezi, uliza wanapanda nini. Na wenye mamlaka ya usafiri wa ziwa hili, wasituhesabie wageni waliopita Gombe na Mahale kabla hawajatuonyesha ratiba ya chombo cha umma kinachosimama kila kijiji, iwe na wageni, isiwe na wageni.

Kipeperushi nilikirudisha nikiwa nimelifuta neno mbali kila lilipotokea, na mahali pake nimeandika "visivyo na usafiri wa uhakika". Walinilipa nusu na kumtafuta mtafsiri mwingine.

Nilimpigia shangazi nikamsimulia. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Alivutiwa sana na habari ya meli mpya.

"Itasimama kwetu, mwanangu?"

"Itasimama, shangazi. Wageni watashuka kupiga picha dagaa wakianikwa."

"Na nauli ya kwenda Kigoma ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia haichukui abiria wa huko.

Akanyamaza kidogo. "Sasa itakuwa inasimama kufanya nini?"