Usinifariji, Nioneshe Nilipokosa

Katika miaka minne ya shahada ya uuguzi nilifarijiwa sana. Matokeo yakibandikwa, wenye A walipongezwa, waliosapu walipewa pole, na sisi wa katikati tulipewa sentensi moja: "GPA sio kila kitu." Walionipa walikuwa marafiki na walinitakia mema. Hata hivyo nasema kwamba faraja ile iliniharibu kuliko dharau.

Nimekulia Ngulyati, Bariadi, kwenye mashamba ya pamba. Nyumbani mimi ndiye niliyekuwa kichwa cha shule. Siku ya kuondoka kwenda chuo, majirani waliniita daktari hata baada ya kuwaeleza kwamba naenda kusomea uuguzi. Mwaka wa kwanza ukaisha na 2.8. Kwa vyuo vikuu vyetu, 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Nilikuwa ukingoni mwa hilo la chini. Baba alipopiga simu nikamwambia, "Nimefaulu." Akamshukuru Mungu. Nikakata simu nikalia.

Aliyefeli huulizwa maswali. Anaitwa ofisini, anapangiwa mtihani wa marudio, wenzake wanapiga naye msuli. Mtu wa 2.8 haulizwi na yeyote. Nikaanza kukaa viti vya nyuma. Wodini nikawa nasimama nyuma ya wenzangu, mbali na kitanda, ili nisiulizwe. Nikajiambia kwamba hiki ndicho kipimo cha akili yangu. Na ile sentensi ilinisaidia kulala: kama GPA sio kila kitu, kwa nini nijisumbue kufungua karatasi iliyosahihishwa?

Mwaka wa tatu tulipewa jaribio la ukunga. Swali moja lilihusu mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti ya kupita kwenye mshipa ni gramu 4, yaani mililita 20 za mchanganyiko wa asilimia 20. Ampuli ulizonazo ni za asilimia 50. Utaandaaje? Mimi nilikumbuka ile 20 tu. Nikaandika kwamba nitavuta mililita 20. Jaribio zima nikapata C, nikaisukuma karatasi chini ya godoro. Rafiki yangu akasema, "C ni pasi, komaa."

Miezi michache baadaye nikiwa mafunzoni wodini, akaletwa mama wa aina ileile. Sista aliyekuwa zamu aliniuliza, kabla sijagusa chochote, ningevuta kiasi gani. Nikajibu, "Mililita 20, Sista." Akaniangalia.

"Ampuli hii kila mililita ina nusu gramu. Mililita 20 ni gramu ngapi?"

"Kumi."

Hakupaza sauti. Akavuta mililita 8 za dawa, akaongeza 12 za maji ya sindano, akamhudumia mgonjwa. Dawa hiyo ikizidi huweza kusimamisha pumzi. Ndiyo maana kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima, huwekwa karibu. Tulipomaliza akaniuliza, "Mlifundishwa hili?" Tulifundishwa. "Ulilikosa kwenye mtihani?" Nililikosa. "Ukalirudia?" Nikanyamaza.

Kosa langu la wodini lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, chini ya godoro langu, kwa miezi. Aliyelificha ni mimi, nikisaidiwa na kila aliyenipiga begani.

Kuna msemo tunaoupenda wauguzi: mgonjwa haulizi GPA. Ni kweli haulizi. Haulizi kwa sababu anaamini kwamba sisi tulishaulizana. Msemo huo umekuwa mto wa kulalia, na nauchukia.

Sisemi alama ni haki tupu. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anajibu famakolojia kwa Kiingereza, kisha anaenda kumhoji bibi kwa Kisukuma. Karatasi haipimi safari hiyo. Wala sisemi alama hazina matokeo: nafasi za kufundisha chuoni huwaendea wenye GPA kubwa, na mlango huo kwangu umefungwa. Nasema kwamba anayeabudu alama na anayezidharau wanafanya kosa moja. Wote wawili wanatazama jumla, na hakuna anayefungua karatasi.

Likizo ile nilimkuta baba akichambua pamba kabla ya kuipeleka mizanini, safi upande huu, fifi upande ule. Fifi bei yake ni ndogo na inauma. Lakini sikumsikia akijiita mkulima fifi. Aliigeuza mkononi akasema hii wadudu, hii mvua, hii tulichelewa kuvuna. Msimu uliofuata alijua aanzie wapi. Nikamweleza ile 2.8 ilikuwa nini hasa. Akauliza, "Wadudu au mvua, mwanangu?"

Nikarudi chuoni nikaanza kuchambua. Karatasi zangu za majaribio zilionesha kwamba nusu ya alama nilizopoteza zilikuwa hesabu za dawa, na nyingine nyingi ni maswali niliyoyasoma haraka. Ubongo wangu haukuwa na shida. Kila jioni nikafanya hesabu tano. Nilimaliza na 3.2. Si hadithi ya kupandishwa jukwaani. Ilitosha kunifikisha kwenye shahada ya uzamili ninayosoma sasa, ya ukunga, maana mlango wake huanzia 2.7.

Kwa hiyo, mwalimu, ukirudisha majaribio, tenga saa moja tupitie makosa, hasa ya wenye C, kwa kuwa ndio wengi na ndio watakaokesha peke yao kwenye zahanati za vijijini. Na wewe uliyekaa kiti cha nyuma na 2.8 yako, lia kwanza, ina haki yake. Kisha toa karatasi chini ya godoro. Rafiki akikwambia C ni pasi, mpe karatasi mkononi, mwambie akuoneshe ulipokosa.